Sura ya 4: Samaki Huivia Nje ya Moto

Samaki anaweza kukauka akiwa ndani ya maji. Nimekulia Mwanza, nimenunua sato pale Mwaloni Kirumba Jumamosi nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, lakini jambo hilo nilichelewa kulielewa. Niliamini mchuzi ni kinga: ukishamzamisha samaki kwenye nyanya na maji, hata ukimsahau jikoni nusu saa atabaki laini. Shangazi yangu ndiye aliyenisahihisha, siku aliyoshuka melini akitokea Nansio. Nilimpikia sato wawili wanene kwenye sufuria, mchuzi mwekundu umefika ukingoni. Akamega kipande cha mgongoni, akatafuna, akanyamaza, akatafuna tena. Halafu akaweka mkono pembeni mwa sahani.

"Mwanangu," alisema, "samaki huyu umempika mara mbili. Mara ya kwanza aliiva. Mara ya pili ukamkamua."

"Lakini shangazi, si ana mchuzi?"

"Mchuzi huo ndio maji yake. Umeyatoa kwake ukayamwaga nje, sasa unataka ayanywe tena?"

Kesho yake alinituma nikatafute chungu. Sura hii ni maelezo ya yale aliyonionyesha wiki ile, pamoja na sababu zake ambazo nilikuja kuzisoma na kuzijaribu baadaye. Neno la kushika ni lile lile alilolisema mwanzo: kukamua.

Maji ya samaki yanakaa wapi

Zaidi ya robo tatu ya uzito wa nyama ya sato mbichi ni maji. Maji hayo hayakai kama ndani ya ndoo. Yameshikwa katikati ya nyuzi za nyama, na nyuzi za samaki ni fupi fupi, zimepangwa tabaka juu ya tabaka, kila tabaka likishikwa na jirani yake kwa utando mwembamba. Utando huo ndio unaofanya samaki aliyeiva aachie mapande mazuri ukimgusa.

Ng'ombe husimama na kutembea, miguu yake imebeba mamia ya kilo, kwa hiyo nyama yake imefungwa kwa kano na utando mgumu. Samaki huelea, maji yamembebea mwili, hivyo hahitaji kamba nzito za kumfunga. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua namna ya kupika. Kinachofunga nyama ni kolajeni. Ya ng'ombe huhitaji saa kadhaa za moto mpaka iyeyuke na kulainika, ndiyo maana supu ya makongoro hukesha jikoni. Ya samaki ni kidogo, na huyeyuka mapema, hata kabla ya nyuzi joto 60. Ukiendelea kumchemsha hakuna kilichobaki cha kulainika. Kinachoendelea ni kukaza tu.

Protini za samaki huanza kuganda kwenye nyuzi joto 40 hivi, na zikifika kati ya 60 na 65 nyama imeshakuwa nyeupe, imara na yenye majimaji. Joto likizidi hapo, nyuzi hujikunja kama nguo inayosokotwa, na maji yaliyokuwa ndani husukumwa nje. Umewahi kuona chembe nyeupe kama maziwa yaliyoganda zikitoka pembeni mwa kipande cha samaki? Hizo ni protini zilizotoka pamoja na maji yake. Ukiziona nyingi, jua kukamua kumeshaanza.

Sasa angalia jiko letu. Mwanza iko takriban mita 1,140 juu ya usawa wa bahari, na kwenye kimo hicho maji huchemka kwenye nyuzi joto 96 hivi, si 100 kama Tanga au Zanzibar. Mpishi wa maharage anaijua hasara yake, kwa kuwa maharage hukawia. Mpishi wa samaki asidhani amepata nafuu. Kati ya 65 na 96 kuna nyuzi zaidi ya 30, na kila dakika sato anayotokoteshwa ni dakika ya kukamuliwa. Ndiyo sababu mtu anaweza kula samaki mkavu huku mchuzi unamtiririka mkononi.

Basi kazi ya mpishi ni kulipunguzia joto kasi, ili katikati ya kipande paive kabla nje hapajaharibika. Hapo ndipo chungu kinapoingia.

Udongo unavyofanya kazi

Watu wengi husema chungu kina ladha yake. Sitabisha. Chungu kipya kina harufu ya ardhi iliyopata mvua ya kwanza, na chungu cha zamani kimekunywa mafuta ya samaki wengi. Lakini ukiniuliza kwa nini sato wa chunguni huwa laini, nitakujibu kwa habari ya joto kwanza, ladha baadaye.

Alumini hupitisha joto zaidi ya mara 100 kuliko udongo uliochomwa. Sufuria nyepesi ikiwekwa juu ya mkaa uliokolea, joto hufika kwenye nyanya papo hapo: chini panaungua, katikati panatokota kwa nguvu, na vipande vinagongana mpaka vinavunjika. Ukiitoa motoni hupoa upesi vile vile. Chungu ni kizito kupokea na kizito kutoa. Ukikiweka jikoni utasubiri dakika 15 mpaka 20 kabla hujasikia chochote kikilia ndani. Kikishapokea, joto huwa limeenea mwilini mwake, chini na ubavuni, na chakula huzungukwa na joto la pole badala ya kuchomwa kwa chini.

Kilo ya udongo na kilo ya alumini hubeba joto linalokaribiana. Tofauti iko kwenye uzito: chungu cha kutosha familia kinaweza kufika kilo mbili na nusu, ilhali sufuria nyepesi ya ukubwa huo haifiki nusu kilo. Kwa hiyo chungu kilichotolewa motoni kina akiba, na akiba hiyo inatosha kumalizia samaki bila moto wowote. Shangazi hakujua vipimo hivi. Alijua tu kwamba samaki huivia nje ya moto, na alikuwa sahihi.

Faida nyingine ni uchachu. Nyanya, ndimu na ukwaju huingiliana na alumini, na mchuzi uliokaa humo hupata ladha ya chuma. Udongo haujali uchachu. Si sisi peke yetu tuliogundua hilo. Kerala, kusini mwa India, mchuzi wa samaki wenye tunda chachu hupikwa kwenye chungu na wengi huupenda zaidi ukilala mpaka kesho yake. Vietnam wana samaki wanayemwita cá kho tộ, anayepikwa polepole ndani ya chungu kidogo mpaka mchuzi unakuwa mzito. Na pwani yetu, bibi wengi hawatakubali papa wa nazi atoke kwenye chombo kingine.

Vyungu vilitangulia jembe

Kuna jambo ambalo kila mtoto wa kanda hii angestahili kulijua. Wengi tumezoea kudhani kwamba vyungu vililetwa na wakulima, pamoja na jembe na mtama. Kandokando ya Ziwa Viktoria haikuwa hivyo. Zaidi ya miaka 7,000 iliyopita waliishi hapa watu waliovua na kuwinda, wasiolima, na tayari walifinyanga vyungu. Wataalamu wa mambo ya kale huuita ufinyanzi wao Kansyore, kwa jina la kisiwa kilichoko Mto Kagera. Upande wa Kenya, sehemu kama Gogo Falls na Siror, vigae vya vyungu hivyo vimekutwa pamoja na mifupa ya samaki. Na huku kwetu, Robert Soper na Bernard Golden walichapisha mwaka 1969 uchunguzi wao wa mambo ya kale ya Mkoa wa Mwanza, ambamo pango la Nyang'oma limo miongoni mwa mahali palipotoa vigae vya aina hiyo.

Baadaye sana, katika miaka elfu ya mwisho kabla ya Kristo, wakaja wakulima na wahunzi wa chuma na vyungu vyao vya Urewe, vyenye kibonyeo kidogo chini ya kitako. Mary Leakey na wenzake waliviandika rasmi mwaka 1948 kutokana na vilivyopatikana upande wa Nyanza, Kenya. Lakini wakulima hao walipofika, samaki wa ziwa hili walikuwa wameshapikwa kwenye udongo kwa maelfu ya miaka. Ninapomwambia mtu apike sato kwenye chungu, namwelekeza kwenye upishi mkongwe kuliko shamba la kwanza la mtama katika nchi hii.

Kuchagua chungu na kukizoesha

Chungu changu cha kwanza nilikinunua kwa mama mmoja mfinyanzi, barabara ya kuelekea Magu, aliyekuwa amevipanga vyungu vyake chini ya mwembe. Nilimwamkia, "Mwangaluka, mayu," nikaokota kilichong'aa kuliko vyote. Akaninyang'anya kwa upole, akakigonga kwa kifundo cha kidole. Kikatoa sauti butu.

"Sikia hiki," akasema, akagonga kingine chenye doa jeusi la moshi ubavuni. Kikalia kama kengele ndogo. "Kizima hulia. Chenye ufa hukohoa. Doa ni la moto tu, halina ubaya."

Nilikaa naye mpaka mchana. Alinionyesha udongo wa bondeni aliouloweka siku kadhaa, na pembeni chungu cha unga mwekundu. Unga ule ulikuwa vigae vya vyungu vilivyovunjika, vimetwangwa na kuchekechwa. Huchanganywa na udongo mbichi, kwa sababu udongo mtupu hujikunja na kupasuka ukipata moto, ilhali kigae kimeshapita motoni mara moja na hakishtuki tena. Punje zake huupa udongo nafasi ya kutanuka na kunywea. Chungu cha kupikia bila kigae au mchanga ndani yake hakina maisha.

Kiswahili kina methali mbili zenye maana moja: udongo uwahi ungali maji, na samaki mkunje angali mbichi. Nilizikumbuka zote mbili nikiangalia vidole vyake vikifuta kiungo cha mwisho kwenye ukingo wa chungu. Mfinyanzi na mpishi wa samaki wote wanashindana na saa.

Kwa samaki chagua chungu kipana kuliko kirefu, chenye kitako cha mviringo, mdomo unaotosha sato kuingia bila kukunjwa, na ukuta wa unene wa kidole kidogo. Kifuniko kiwe cha udongo, ule ambao pwani huuita mkungu. Ukikosa, sahani nzito ya bati inatosha. Ukikuta chombo cha udongo kilichopakwa rangi inayong'aa kama kioo, na hujui kilitengenezwa kwa nini, kiweke maua. Baadhi ya rangi hizo huwa na risasi, na uchachu wa nyanya huitoa ikaingia kwenye chakula. Vyungu vyetu vya kienyeji havina rangi hiyo.

Usikipandishe motoni siku ile ile uliyokinunua. Kiloweke kwenye maji usiku kucha, kikaushe kivulini siku nzima, kisha pika ndani yake uji mwepesi wa muhogo au maji ya mchele kwa moto mdogo, saa moja hivi, ukiache kipoe hapo hapo jikoni. Wanga huingia kwenye vitundu vya udongo na kuviziba. Rudia mara mbili kama bado kinavuja jasho. Tangu hapo shika makatazo manne. Usimwage maji baridi kwenye chungu cha moto. Usikitue kwenye sakafu ya saruji kikitoka jikoni, kiweke juu ya ngata ya nguo au majani. Usikioshe kwa sabuni, kwa kuwa kitainywa na kuirudisha kwenye mchuzi. Maji ya moto na jivu au brashi vinatosha. Na usikifunike kikiwa na unyevu, kitaota ukungu.

Sato wa kuwekwa chunguni

Pale Mwaloni fika mapema, jua halijapanda. Tazama jicho: liwe limejaa, si lililozama. Fungua mashavu: yawe mekundu, yasiwe kahawia. Bonyeza mgongoni, kidole kisiache shimo. Na usinunue watoto wa samaki. Kanuni zetu za uvuvi zinataka sato asipungue sentimita 25, na urefu huo ndio unaofaa chungu: nyama ya mgongoni ina unene wa kutosha kustahimili joto. Kisato cha kiganja hukauka kabla hujageuka, na ukikinunua umelipunguzia ziwa mbegu.

Sato huyu tunayemjua si mwenyeji. Aliletwa ziwani katika miaka ya 1950, kama alivyoletwa sangara. Mwenyeji ni ngege, aliyekuwa samaki wa heshima wa mezani kabla hajaadimika. Michael Graham, Mwingereza aliyelipima ziwa hili mwaka 1927 na 1928, ndiye aliyemwandika ngege katika vitabu vya sayansi, akampa jina la Kilatini esculenta, yaani wa kuliwa. Wazee wa Ukerewe bado humsimulia kwa huzuni. Chungu cha shangazi kilijifunza kazi kwa ngege. Mimi nimeirithi kazi hiyo kwa sato.

Wako wanaolalamika kwamba sato ana harufu ya tope. Harufu hiyo haitokani na uchafu. Ni kemikali iitwayo jeosmini, inayotengenezwa na baadhi ya mwani na bakteria wa majini na ardhini, ile ile inayofanya udongo unukie mvua ikinyesha. Uchachu huivunja. Ndiyo maana ndimu ipo katika upishi wetu tangu zamani. Ila ndimu nayo hugandisha protini, kwa hiyo dakika 15 zinatosha. Samaki aliyelala kwenye ndimu asubuhi nzima ameanza kukauka kabla ya kuona moto.

Upishi wenyewe

Kwa watu wanne chukua sato wawili wa nusu kilo hivi kila mmoja, vitunguu viwili vikubwa, nyanya tano zilizoiva, kipande cha tangawizi cha urefu wa kidole gumba, ndimu moja na nusu, pilipili mbuzi moja nzima isiyopasuliwa, vijiko viwili vikubwa vya mafuta ya alizeti, na chumvi.

Para magamba, toa matumbo na mashavu, osha mara moja. Mkate kila sato vipande viwili au vitatu vikubwa, kichwa kikiwemo. Usikate vipande vyembamba: unene ndio unaokupa muda wa kufanya kazi. Paka kijiko cha chai kimoja na nusu cha chumvi, hasa ndani ya tumbo, umwache dakika 20. Chumvi hulainisha sehemu ya protini za nje, nazo hushika maji vizuri zaidi zikifika motoni. Kisha kamulia ndimu moja, subiri dakika 15, umkaushe kwa kitambaa safi.

Wakati huo chungu kiko jikoni tayari, juu ya mkaa uliokwisha kushika rangi ya majivu. Mkaa unaowaka ndimi za moto haufai. Tia mafuta, vitunguu vilivyokatwa duara na tangawizi iliyotwangwa, kisha nyanya juu yake na chumvi kidogo. Funika. Usitie maji bado. Nyanya na vitunguu vitatoa maji yake katika dakika 20 mpaka 25 za pole. Ukifunua ukute nyanya zimelegea na mafuta yameanza kujitenga, ongeza robo lita ya maji ya moto, si ya baridi. Ngoja mpaka mchuzi uanze kuchemka.

Sasa tumefika kwenye hatua ambayo sura hii nzima imeiandalia njia. Walaze samaki juu ya kitanda kile cha vitunguu, vichwa na vipande vinene chini, vya mkiani juu. Chota mchuzi kwa upawa uwamwagie, weka pilipili katikati, funika vizuri. Mchuzi utatulia kwanza, kwa sababu samaki wameupoza. Sikiliza. Ukisikia tena vipovu vya mmoja mmoja, hesabu dakika tano. Usikoroge, mwiko huvunja. Shika chungu kwa vitambaa viwili ukizungushe polepole mara moja tu.

Dakika tano zikiisha, kitoe motoni hata kama moyo unakuambia bado. Kitue juu ya ngata. Usifunue. Subiri dakika 12.

Dakika hizo ndizo zinazowashinda wengi. Tumelelewa kuamini kwamba chakula kinapikwa moto ukiwa chini yake, na anayeondoa sufuria mapema ni mvivu. Lakini ndani ya chungu kazi haijasimama. Joto linatoka kwenye udongo na mchuzi, linaingia kwenye nyama, huku mchuzi wenyewe ukipungua nguvu taratibu. Katikati ya kipande panapanda, nje panashuka, mpaka vinakutana. Hakuna mahali palipokamuliwa.

Ukifunua, tafuta ishara tatu. Jicho limekuwa jeupe kama punje ya mhindi. Pezi la mgongoni linang'oka ukilivuta kidogo. Na ukichokoa kwenye uti wa mgongo, nyama inaachia mfupa ikiwa nyeupe mpaka ndani, bila sehemu ya kioo. Ishara ya tatu usiiache, kwa kuwa samaki wa maji baridi hafai kuliwa akiwa nusu mbichi. Anaweza kubeba vimelea. Akiwa bado, rudisha chungu jikoni dakika mbili, ukitue tena. Malizia na nusu ndimu iliyobaki. Ugali wa udaga wa muhogo ndio mwenzake, laini na mchachu kidogo.

Ukitaka samaki wa chukuchuku, kama wengi wa kanda yetu wanavyompenda, ondoa mafuta, punguza nyanya ziwe mbili na ongeza maji yafike nusu lita. Muda haubadiliki. Mchuzi wake mwepesi hunywewa kwa bakuli, na hapo ndipo utajua kama samaki wako alikuwa mbichi kweli, maana hakuna kiungo cha kumficha.

Sangara, kambale na wengineo

Kila samaki ana tabia yake. Sangara ana mafuta mengi kuliko sato, na mafuta humsamehe mpishi aliyechelewa kidogo. Minofu yake minene huvumilia dakika saba motoni kabla ya kutua chungu. Kichwa chake ni habari nyingine. Viwanda vya minofu vilipoenea Mwanza miaka ya 1990, nyama ilipanda ndege kwenda Ulaya, na jiji likabaki na vichwa na mifupa, yale mapanki. Watu waliyapokea kwa kuwa hawakuwa na uwezo wa kununua zaidi, na hilo halipaswi kusahaulika. Lakini kichwa cha sangara kilicho kizima kimejaa kolajeni kuzunguka mashavu na midomo, kwa hiyo hicho ndicho kiungo pekee cha samaki ninachokiruhusu kikae chunguni kwa moto mdogo mpaka dakika 40. Mchuzi wake hushikana midomoni.

Kambale ana ngozi nene na nyama yenye kujishika. Mbanike kwanza juu ya moshi mpaka ngozi ikauke, halafu mmalizie chunguni kwa karanga zilizotwangwa. Dagaa wakavu hawana maji ya kulindwa, hao wanahitaji kurudishiwa: waoshe kwa maji ya moto, watie kwenye nyanya, uwaache chunguni wanywe polepole. Chungu kile kile kinamzuia mmoja asipoteze maji na kumpa mwingine yaliyopotea, kwa njia moja ya kutokuwa na haraka.

Chungu kwenye jiko la gesi

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Nauunga mkono. Nimewaona akina mama wengi mno wakikohoa kwenye moshi, na misitu yetu haiwezi kuendelea kugeuka mkaa. Wapo wanaodhani kwamba kuondoka kwa mkaa ni mwisho wa chungu. Si kweli. Weka bapa la chuma juu ya jiko la gesi, tua chungu juu yake, anza na moto mdogo kabisa kwa dakika kumi ndipo uongeze kidogo. Kwa kitako cha mviringo tumia pete ya chuma ili kisiyumbe. Na kwa kuwa samaki anaivia nje ya moto, zile dakika 12 za mwisho hazitumii gesi hata kidogo.

Kama huna chungu kabisa, chukua sufuria nzito uliyonayo, itoe motoni baada ya dakika sita, ifunge kwa taulo nene. Hutapata yote, lakini utapata mengi. Ninachokusihi ukiamini ni mwendo, maana chungu ni mwalimu wake tu: hata mpishi mwenye haraka hawezi kukiharakisha.

Chungu cha kwanza nilichonunua chini ya ule mwembe kilinihudumia miaka tisa. Siku moja mgeni aliyetaka kunisaidia alikimwagia maji ya bomba kingali cha moto, kikapasuka kuanzia mdomoni mpaka kitakoni. Nilivikusanya vipande vyote kwenye mfuko, nikavipeleka barabara ya Magu. Mama mfinyanzi alivitazama, akaunusa ukingo mmoja uliokuwa mweusi kwa mafuta ya sato, akatabasamu. Halafu akavimimina kwenye kinu.

"Rudi baada ya wiki tatu," aliniambia, akaanza kutwanga.

Ndicho ninachopikia mpaka leo. Ukivunja chako, usitupe vigae.